Maswali ya Wasomaji: Nataka darubini ya kuangalia jua tu, nichukue ipi?

Toka tuandike habari ya madoa ya jua maswali ya darubini yamemiminika, na karibu yote yanazunguka jambo hilo hilo: mtu anataka darubini ya jua tu, ya usiku haitaki, anaogopa kuumia macho na anaogopa kutupa hela. Nimechagua machache. Mengine nimeyaunganisha kwa sababu yanafanana, na yote nimeyafupisha.

SWALI: Habari za kazi. Nina darubini ya lenzi ya mm 80, mbele naweka ile filta ya karatasi inayong'aa, madoa nayaona vizuri tu. Ila picha za wenzangu zina ndimi za moto pembeni na uso wa jua umejaa michirizi, mimi naona duara jeupe lenye vidoti basi. Nataka darubini ya jua yenyewe. Nichukue ya mm 40, 60 au nijikaze mpaka 100? (Nimechoka na Madoa)

JIBU: Salama kabisa. Filta yako haina ubovu wowote, ondoa shaka. Wewe na wenzako mnaangalia matabaka mawili tofauti ya jua. Karatasi yako inapunguza mwanga wote kwa pamoja, ile ya kuangalia kwa macho inapitisha sehemu 1 tu kati ya 100,000, na kinachobaki ni fotosfia, yaani ule uso wa jua wenye joto la kama nyuzi 5,500 za Selsiasi, na madoa yanaonekana meusi kwa sababu yana joto pungufu kuliko sehemu zinazoyazunguka. Juu ya fotosfia kuna kromosfia, tabaka jembamba ambalo ndo lina hizo ndimi na michirizi, lakini mwanga wake ni hafifu mno mbele ya fotosfia kwa hiyo unamezwa. Ili uione inabidi uutupe karibu mwanga wote wa jua ubakize wekundu mmoja tu unaotolewa na hidrojeni, nanomita 656.28, ndo hiyo watu wanaita H-alfa. Sio nyekundu yoyote, ni hiyo hiyo. Kipande cha kioo chekundu hakikupeleki popote.

Kifaa kinachofanya hiyo kazi kinaitwa etaloni. Ni vioo viwili vilivyosuguliwa vikawa bapa kupita kiasi, vimetenganishwa na nafasi ndogo sana, mwanga unadunda katikati yake na ni mawimbi yanayolingana na ile nafasi tu ndo yanatokea upande wa pili. Kilianzia kwa Wafaransa wawili, Charles Fabry na Alfred Perot, mwishoni mwa karne ya 19. Shida ni kwamba etaloni haitoi rangi moja, inatoa rangi nyingi nyembamba zilizopangana kama meno ya kitana, kwa hiyo nyuma yake lazima iwepo filta nyingine ya kuzuia ambayo inaruhusu jino moja tu lipite na kuzima mengine yote pamoja na joto. Nakueleza yote haya kwa sababu ushauri wangu wote umekaa hapo: ukinunua darubini ya jua unanunua filta, lenzi inakuja nayo tu. Hela nyingi iko kwenye etaloni na hiyo filta ya kuzuia, ndo maana darubini ya jua ya mm 60 inauzwa bei ambayo kwa ya usiku ungepata kitu kikubwa mara kadhaa, na wanaoshangaa bei wanashangaa kwa sababu wanahesabu lenzi.

Kwa hiyo kabla hujauliza kipenyo uliza upana wa bendi, yaani etaloni inaruhusu kipande kinene kiasi gani cha ile nyekundu. Unapimwa kwa angstromu, na angstromu 10 ni nanomita 1. Ikiwa kama angstromu 1 utaona ndimi za moto pembeni vizuri kabisa kwa kuwa nyuma yake kuna giza, ila uso wa jua utakuwa umepooza. Ikifika 0.7, ambayo ndo kawaida ya darubini nyingi nzuri zenye etaloni moja, uso unaanza kuongea, unaona michirizi myeusi, maeneo yanayong'aa kuzunguka madoa, na ule mkwaruzo mkwaruzo uliotapakaa kila mahali. Ikishuka chini ya 0.5 uso unakuwa na kina, ni mzuri mno, lakini hapo mara nyingi ni etaloni mbili zimepangwa na tutaiongelea chini.

Ndo tuje kwenye kipenyo sasa. Kwa mwanga huo mwekundu darubini ya mm 40 inatenganisha vitu vya kama km 3,000 kwenye jua, ya 60 kama km 2,000, ya 100 kama km 1,200. Kwenye karatasi ya 100 inashinda. Lakini jua tunaliangalia mchana, ardhi imepata moto, hewa inacheza, na mara nyingi hewa hiyo inafuta chochote kilicho chini ya km 2,000 hivi, kwa hiyo ile mm 100 uliyoigharamia unaifaidi zile siku chache hewa imetulia, siku nyingine unaona kile kile anachokiona mwenye 60, tofauti picha yako ni kubwa zaidi na inatetemeka. Mi kwa mtu ambaye tayari amelizoea jua kama wewe ningesema mm 60 yenye etaloni safi, na ukiwa na hela ya ziada usiipeleke kwenye kipenyo, iweke kwenye etaloni ya pili baadaye. Mm 40 nayo usiidharau hata kidogo. Coronado PST ya mm 40, yenye urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi mpaka pale picha inapokusanyika) wa mm 400, ndo iliyowaingiza watu wengi sana kwenye H-alfa, inabebeka mkono mmoja, unaiweka kwenye tripodi ya kamera, mapumziko ya mchana umeshaangalia umerudi kazini. Jua linabadilika saa kwa saa, mlipuko unaweza kuanza ukaisha ndani ya dakika chache, sasa darubini nzito inayokutaka nusu saa ya kufunga inakukosesha mengi kuliko inavyokupa.

Na hiyo mm 80 yako na karatasi yake usiiuze. Madoa kwenye mwanga mweupe yanaonekana na mpaka wake mkali, kile kivuli cha kijivu kinachozunguka kitovu cheusi, ambacho kwenye H-alfa mara nyingi kimefunikwa. Vizuri viwe viwili.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimepewa darubini na mjomba, ndani ya boksi kuna kikioo kidogo cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya jicho kimeandikwa SUN. Je nikikifunga hicho si tayari ni darubini ya jua? Pia tuna miwani ya kupatwa kwa jua, tunaweza kuvaa tukachungulia kwenye darubini? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu)

JIBU: Marahaba mwanangu, na umefanya jambo la maana sana kuuliza kwanza. Hapana kwa yote mawili, tena hapana kubwa.

Hicho kikioo kinakaa pale ambapo darubini imeshakusanya mwanga na joto lote la jua likawa nukta moja. Kioo kinapata moto na kinaweza kupasuka ghafla, na jicho lako liko nyuma yake hapo hapo. Kitoe kwenye boksi, kiponde, tupa, usimgawie mtu. Miwani nayo, hata iwe halali kabisa yenye kiwango cha ISO 12312-2, imetengenezwa kwa macho matupu kuangalia jua moja kwa moja, haikutengenezwa kwa mwanga uliokusanywa na lenzi, joto litaitoboa. Kanuni ni moja: filta ya kupunguza jua inakaa MBELE ya darubini, mwanga upungue kabla haujaingia. Vifaa vinavyokaa nyuma na bado ni salama vipo, lakini ni mitambo iliyoundwa na kiwanda kwa kazi hiyo, sio kikioo.

Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba retina, ile ngozi ya ndani ya jicho inayopokea picha, haina mishipa ya maumivu. Inaungua na wewe husikii kitu, unaondoka unacheka, baada ya masaa ndo unaanza kuona doa katikati ya kila unachokiangalia, na doa hilo linaweza lisiondoke tena. Kwa hiyo usimwamini mtu anayekwambia yeye alichungulia na hakuumia.

Kitu ambacho unaweza kufanya na hiyo darubini, mjomba au mwalimu akiwa amesimama hapo muda wote, ni kulitupa jua kwenye karatasi nyeupe. Hamna anayechungulia, mnaangalia karatasi. Iwe darubini ndogo ya lenzi, lenzi ya jicho isiwe ya plastiki, na kale kadarubini kadogo ka kulengea mkafunike kabisa au mkatoe maana nako kanaunguza. Hii njia aliivumbua Benedetto Castelli, mwanafunzi wa Galileo, na ndo Galileo aliyotumia kuchora madoa mwaka 1612. Utasikia watu wanasema Galileo alipofuka kwa sababu ya kuangalia jua, sio kweli, alipofuka uzeeni, mnamo 1638, miaka mingi baada ya michoro ile. Na Richard Carrington alikuwa anachora madoa kwa namna hiyo hiyo tarehe 1 Septemba 1859 alipoona mwanga mkali ukitokea juu ya kundi la madoa ukapotea baada ya kama dakika 5, ndo mlipuko wa kwanza wa jua kurekodiwa, na dunia ikapigwa na dhoruba kubwa ya sumaku muda mfupi baadaye. Kwa karatasi tu mwanangu. Anza hapo.

SWALI: Muuzaji ananiambia B600, B1200, sijui singo staki, dabo staki, kichwa kinauma. Nikimuuliza tofauti anasema kubwa ni nzuri zaidi. Ni kweli? (Mnunuzi Makini)

JIBU: Ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo inaweza kukugharimu.

Hizo B ni saizi ya filta ya kuzuia kwa darubini za kampuni ya Lunt, B600 ni mm 6, B1200 ni mm 12, B1800 ni mm 18. Inakaa ndani ya kiwiko, pale unapochomeka lenzi ya jicho. Unachotakiwa kujua ni kama picha ya jua zima inaenea kwenye hilo tundu, na hesabu yake ni rahisi: chukua urefu wa fokasi wa darubini gawa kwa 107 hivi, unapata kipenyo cha picha ya jua kwa milimita. Fokasi ya mm 400 inatoa picha ya kama mm 3.7, ndo maana PST inatosheka na filta ya mm 5. Fokasi ya mm 500 inatoa mm 4.7, B600 inatosha kwa kuangalia na macho. Fokasi ya mm 800 inatoa 7.5, hapo B600 itakukatia kingo na huna budi kupanda. Ukiwa unapanga kupiga picha kwa kamera yenye sensa kubwa, au kutumia kile kichwa cha macho mawili, chukua B1200 hata kwenye darubini ndogo upate nafasi ya kuhangaika. Ila kama utaangalia kwa jicho lako tu, kulipia tundu kubwa hakuongezi hata nukta moja ya ubora wa picha, ni uwanja tu umepanuka.

Singo na dabo ni idadi ya etaloni. Moja inakupa kama 0.7, mbili zikifuatana zinashusha bendi mpaka chini ya 0.5 na ule mwanga wa fotosfia unaovuja pembeni unakatwa, uso wa jua unabadilika kabisa, mpaka mtu anadhani ni darubini nyingine. Lakini kila kitu kinakuwa giza zaidi, ndimi za pembeni zinafifia, na wakati mwingine kuna kivuli cha pili cha jua kinachozunguka humo ndani kwa sababu vioo vinaakisiana. Anayeanza anunue singo ya mfumo unaokubali kuongezewa ya pili. Ukimiliki singo mwaka mzima utajua mwenyewe kama roho yako iko pembeni kwenye ndimi au iko kwenye uso.

Na hapa niseme kwa sauti: kiwiko chenye filta ya kuzuia ni sehemu ya usalama, sio nyongeza. Usikitoe ukaweka kiwiko cha kawaida cha darubini ya usiku hata kwa jaribio la sekunde moja.

SWALI: Rafiki yangu anasema kununua darubini nzima ya jua ni upotevu, ninunue Daystar Quark nichomeke kwenye darubini yangu niliyonayo. Wewe unasemaje? (Njia Panda)

JIBU: Rafiki yako hajakosea, ila hajakwambia yote. Quark ni etaloni, filta ya kuzuia na lenzi za kukuza mara 4 na kitu, vyote ndani ya kichupa kimoja kinachokaa mahali pa lenzi ya jicho. Inafanya kazi kwa darubini za lenzi tu. Kwenye darubini ya kioo usijaribu, huko inahitajika filta maalum ya kupunguza nishati mbele kwa kipenyo chote na ni habari nyingine kabisa. Hata kwenye ya lenzi soma maelekezo ya kiwanda kuhusu kinga ya joto kulingana na ukubwa wa darubini yako, usikisie.

Sasa uzuri wake, unapata kipenyo kikubwa kwa gharama ndogo, na siku hewa imetulia inaonyesha mambo ya karibu ambayo darubini ndogo haigusi. Ubaya wake ni huo huo ukuzaji: kama fokasi ya darubini yako inazidi mm 450 hivi jua zima halienei, unatembea kipande kipande. Inataka umeme muda wote kwa sababu etaloni yake inarekebishwa kwa joto, kwa hiyo pawabenki lazima, na ukizungusha kitufe cha kurekebisha unasubiri dakika kadhaa itulie kabla hujaona tofauti. Halafu Quark moja na nyingine hazifanani sana kwa ubora, nunua kwa mtu anayekubali kurudishiwa.

Kwa mtu anayetaka kuona jua zima, atoke nje, aangalie, arudi, au anayetaka watu wengine wachungulie, mi bado nasema darubini kamili ya jua. Kila kitu kimefungwa kiwandani, hakuna cha kusahau kuweka. Ukishakuwa na mtoto au mgeni karibu ya darubini utaelewa kwa nini hilo nalithamini kuliko km 500 za ziada kwenye picha.

SWALI: Vipi zile za Kalsiamu K? Picha zake za zambarau zinanivutia. (Zambarau)

JIBU: Picha ni nzuri kweli, na maeneo yenye sumaku yanang'aa kwa namna ambayo H-alfa haionyeshi. Lakini mwanga huo wa kalsiamu ni nanomita 393.4, ukingoni kabisa mwa kile jicho linaweza kuona, na lenzi ya jicho la mtu inavyozeeka inazidi kuuzuia, watu wazima wengi wakichungulia wanaona giza la zambarau au hawaoni kitu. Hiyo ni ya kamera. Kama huna mpango wa kupiga picha iache.

SWALI: Nasikia jua limeshafika kileleni na sasa linapoa. Nikinunua leo si nitakuwa nimechelewa? Na je nikiwa nayo nitaitumia wakati wa kupatwa kwa jua? (Nisije Nikajuta)

JIBU: Mzunguko wa jua ni wa miaka 11 hivi. Huu wa sasa, wa 25, ulianza Desemba 2019, na Oktoba 2024 NASA na NOAA, mashirika ya Marekani ya anga za juu na ya hali ya hewa, walitangaza kwamba jua limeingia kipindi cha kilele. Mei ya mwaka huo huo ndo kundi la madoa AR 3664 lilituletea dhoruba ya sumaku ya daraja la G5, yaani la juu kabisa, ya kwanza ya daraja hilo toka 2003. Kutoka kileleni jua linashuka taratibu, miaka na miaka, na milipuko mikubwa imeshawahi kutokea sana tu wakati wa kushuka, hiyo ya 2003 yenyewe ilikuwa hivyo. Kitakachopungua kwanza ni madoa. Kwa hiyo hofu yako ingekuwa na uzito zaidi kwa mwenye filta ya mwanga mweupe, yeye jua likifika chini kabisa anaweza kukaa siku nyingi anaangalia duara tupu. Kwenye H-alfa ndimi na filamenti, ile michirizi mirefu myeusi ya usoni, zinaendelea kuonekana hata wakati huo, chache zaidi ila zipo. Hujachelewa.

Kupatwa, ndiyo, hatua za mwanzo na za mwisho ni tamu kwenye H-alfa, unauona mwezi ukizila ndimi moja moja. Ila kama uko kwenye ule ukanda wa kupatwa kikamilifu, dakika zile jua limezibwa lote achana na darubini ya jua kabisa. Korona, ile taji ya mwanga hafifu inayozunguka jua, haionekani humo, filta inaifuta. Angalia juu kwa macho yako, na wakati huo pekee, jua likiwa limezibwa lote, ndo macho matupu yanaruhusiwa, cheche ya kwanza ikirudi unarudi kwenye filta.

SWALI: Nimepata darubini ya jua iliyotumika, bei nzuri, muuzaji anasema ni kama mpya. Niangalie nini? (Mkono wa Pili)

JIBU: Usianze na lenzi, anza na filta ya kuzuia. Chomoa kiwiko, ndani ya nyumba, mbali na jua, uangalie upande wa lenzi ya jicho na upande wa kuingilia mwanga kwa tochi ya simu uliyoiinamisha pembeni. Kioo kinatakiwa kiwe kisafi kinang'aa sawasawa. Ukiona ukungu unaoanzia kingoni ukielekea katikati, au madoa kama kutu, basi tabaka zake zimeingiwa na unyevu. Hili ni tatizo linalojulikana sana kwa darubini za jua za zamani, hata PST za mwanzo zile zenye lenzi ya mbele yenye rangi ya dhahabu zilikuwa zinaota ukungu kwenye hiyo lenzi. Filta inaweza kubadilishwa, kwa hiyo sio lazima ukimbie, lakini bei ya kubadilisha uitoe kwenye bei ya muuzaji, na mpaka ibadilishwe usichungulie. Kama darubini imefunguliwa na mtu, kuna skrubu zimekwaruzwa, kuna filta haina jina wala haijulikani imetoka wapi, hiyo iache hata akikupa bure. Huwezi kupima kwa macho kama filta inazuia mwanga usioonekana, ule wa joto na ule wa urujuanimno, na ndo unaoumiza kimya kimya.

Ikishapita hapo itoe juani na uzungushe kirekebishi, kile cha kuilenga etaloni kwenye H-alfa, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Michirizi ya uso lazima itokee mahali fulani katikati ya mzunguko, sio mwishoni kabisa kirekebishi kimegota. Halafu lisogeze jua kwenye uwanja, katikati, kushoto, kulia. Etaloni nyingi zina eneo zuri na eneo lililofifia, hilo ni la kawaida, ila likiwa zuri kwenye kipande kidogo tu cha duara hiyo etaloni ni dhaifu.

SWALI: Jamani nimenunua H-alfa mpya kabisa ya mm 50, nimetoka nje kwa furaha zote, naona duara jekundu tupu. Hamna ndimi, hamna kitu. Nimeibiwa? (Moyo Umevunjika)

JIBU: Pole sana, na subiri kwanza kabla hujagombana na mtu, maana hili linawapata karibu wote siku ya kwanza.

Chukua lenzi ya jicho yenye ukuzaji mdogo, kama fokasi ya darubini ni mm 350 au 400 basi lenzi ya mm 20 hivi. Weka kitambaa cheusi kichwani kifunike wewe na sehemu ya kuchungulia, hili watu wanaliona la kijinga na ndo linaloleta tofauti kubwa kuliko yote, jicho lililojaa mwanga wa mchana haliwezi kuona kromosfia. Kaa humo dakika mbili tatu. Ukingo wa jua ufanye mkali kwa fokasi, kisha anza kuzungusha kirekebishi polepole sana, iwe ya presha, ya pete au ya kuinamisha, huku unaangalia UKINGO, sio katikati. Mahali fulani utaona nyuzi nyuzi zinachomoza nje ya duara, mwanzo zimefifia, ukiongeza kidogo zinashika rangi, zingine zimesimama kama ua, zingine zimejikunja zikarudi chini. Dunia yetu ingewekwa pale pembeni yake ingekuwa kidoti, maana kipenyo cha jua ni kama dunia 109 zikipangwa. Ukishazipata ndo uhamie katikati na uzungushe tena kidogo sana, kwa sababu mahali pazuri pa uso na mahali pazuri pa ndimi vinatofautiana kwa nywele. Michirizi mirefu myeusi utakayoiona usoni, filamenti, ni ndimi zile zile, sema unaziangalia kwa juu. Na baadhi zitatokea ukizungusha upande mmoja tu kwa sababu zinakuja kwetu au zinakwenda, mwendo unahamisha rangi yake, kama km 46 kwa sekunde kwa kila angstromu 1.

Angalia asubuhi, jua likishapanda kiasi lakini ardhi bado haijachemka, na simama kwenye majani kama yapo kuliko kwenye sakafu au lami. Usikimbilie kukuza. Mara 20 mpaka 40 zinatosha sana kwa darubini hiyo.

Linganisha na picha za siku hiyo hiyo za GONG, ule mtandao wa darubini za jua zilizosambaa duniani unaopiga H-alfa mchana na usiku na kuziweka wazi kwa kila mtu. Kama picha ya GONG ina ulimi mkubwa upande fulani na wewe umefanya yote hayo, siku mbili tatu tofauti, na hapo pako patupu, basi etaloni yako haifiki kwenye 656.28. Usiifungue. Muandikie muuzaji, ambatanisha picha ya GONG ya saa ile uliyoangalia, mwambie kirekebishi kilikuwa wapi, na uirudishe ikiwa bado ndani ya waranti.